Kuchagua Nyuzi za Raketi ya Tenisi kwa Mchezaji wa Nairobi

Raketi inapowekwa juu ya meza yangu, jambo la kwanza ninalolifanya ni kuzisukuma nyuzi za wima kando kwa kidole gumba. Zikirudi mahali pake zenyewe, bado zina uhai. Zikibaki zimepinda pale nilipoziacha, zimekwisha, hata kama hakuna hata mmoja uliokatika. Kabla mwenye raketi hajaniambia anataka nyuzi gani, tayari nimeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya kwanza: chunguza jinsi nyuzi za zamani zilivyokufa

Sogeza uzi mmoja wa wima kidogo na utazame pale unapokutana na uzi wa mlalo. Utaona mfereji mdogo uliochimbwa na msuguano. Kwa anayecheza kwenye viwanja vya udongo mwekundu, mfereji huo huwa na vumbi ndani yake, na vumbi hilo hufanya kazi ya msasa kila mpira unapopigwa. Ikiwa unacheza mara mbili kwa wiki na nyuzi za nailoni hukatika kabla ya mwezi kwisha, unahitaji uzi mnene zaidi au mgumu zaidi. Ikiwa umekaa na nyuzi za polyesta, zile ngumu, miezi sita bila kukatika, ujumbe ni kinyume chake: unalipia ugumu usioutumia, na kiwiko chako ndicho kinachobeba gharama.

Hatua ya pili: chagua aina ya uzi kulingana na mkono

Uzi wa kale kuliko zote ni ule wa utumbo wa mnyama, siku hizi wa ng'ombe, ambao kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, imekuwa ikiutengeneza tangu 1875. Hakuna uzi mwingine unaourudisha mpira kwa ulaini kama huo wala unaodumisha mkazo wake kwa muda mrefu hivyo. Hata hivyo ni ghali, na maji ni adui yake. Msimu wa masika ukianza, raketi iliyosahauliwa nje baada ya mazoezi ya jioni inaweza kukutwa asubuhi nyuzi zimefumuka.

Nailoni ziko za namna mbili. Ya kawaida ina kiini kimoja kilichozungushiwa nyuzi nyembamba, nayo ni ya bei nafuu na inamfaa anayeanza. Ya pili imefanywa kwa mamia ya nyuzinyuzi zilizosokotwa pamoja na kugandishwa kwa gundi, na ndiyo inayokaribia ulaini wa utumbo. Kwa mtu mzima anayecheza wikendi baada ya wiki nzima ya kukaa ofisini, mimi huanzia hapa, na mara nyingi huishia hapa.

Polyesta ilipata umaarufu baada ya Mbrazili Gustavo Kuerten kushinda mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akiitumia. Ni uzi mgumu wenye utelezi: wa wima huteleza mpira unapogusa, kisha hurudi kwa kasi na kuuviringisha. Faida hiyo humfikia mwenye mkono wa kasi anayeupiga mpira kwa nguvu zake zote. Anayesukuma mpira taratibu hupata ugumu tu, bila lile zungusho.

Hapa nikiri kosa langu. Baba mmoja aliniletea raketi ya bintiye wa miaka kumi na mitatu akasema, "Fundi, mfungie kama za Nadal." Nilijibu, "Sawa, mzee," nikafunga polyesta kama za bingwa huyo kwa mkazo wa ratili 56, kwa kuwa mteja amesema na mimi nilikuwa na foleni. Baada ya wiki tano mtoto alirudi akishika raketi kwa mkono wa kushoto ili kuupumzisha wa kulia. Nilizikata nyuzi zile mbele ya baba yake, nikaweka nailoni ya nyuzinyuzi kwa ratili 50, bila malipo. Tangu siku hiyo simfungii mtoto polyesta, hata mzazi akinuna.

Anayetaka kuonja pande zote mbili anaweza kuchanganya. Roger Federer kwa miaka mingi aliweka utumbo kwenye wima na polyesta kwenye mlalo. Mkoba usipoyaruhusu hayo, polyesta kwenye wima na nailoni laini kwenye mlalo ni mchanganyiko wa busara kwa anayekata nyuzi mara kwa mara.

Hatua ya tatu: unene

Unene wa uzi hutajwa kwa namba: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Namba 16 ina takriban milimita 1.30, na namba 17 takriban 1.25. Mwembamba huushika mpira vizuri zaidi lakini hukatika mapema. Anza na 16. Kwenye viwanja vya udongo usishuke chini ya unene huo mpaka ujue unakata nyuzi baada ya muda gani.

Hatua ya nne: mkazo, na hewa ya Nairobi

Ndani ya shingo ya fremu kumeandikwa kiwango cha mkazo, kwa mfano ratili 50 hadi 60, yaani kilo 23 hadi 27 hivi. Kadiri unavyokaza, mpira hutoka na nguvu kidogo na unaumudu zaidi. Kadiri unavyolegeza, nyuzi hukurushia mpira mbali, na mkono wako hupumzika.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Mpira haupati kizuizi cha kutosha, hata ule ulioviringishwa hauzami haraka, na mpira wa kawaida wenye hewa ndani hudunda juu zaidi kuliko pwani. Ndiyo maana kuna mipira maalumu iliyoidhinishwa kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mgeni kutoka Mombasa akicheza nasi siku ya kwanza, mipira yake hupita mstari wa nyuma kama imesukumwa na upepo. Kama huna mipira hiyo ya nyanda za juu, ongeza ratili mbili kuliko ulizozoea huko chini.

Kwa nailoni, anzia katikati ya kiwango cha fremu. Kwa polyesta, shuka ratili tano hivi, kwa sababu uzi wenyewe tayari ni mgumu. Ukibadilisha, badilisha ratili mbili tu kila mara, na usibadilishe aina ya uzi siku hiyo hiyo, la sivyo hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Hatua ya tano: andika

Bandika kipande cha karatasi ndani ya shingo ya raketi: aina, namba, mkazo, tarehe. Mara unazocheza kwa wiki ndizo mara za kubadilisha nyuzi kwa mwaka. Mwenye polyesta asisubiri zikatike. Usiiache raketi kwenye gari lililoegeshwa juani, kwani joto hulegeza nyuzi. Uzi mmoja ukikatika, chukua mkasi palepale uzikate na zilizobaki, ukianzia katikati kuelekea nje, ili fremu isivutwe upande mmoja hadi utakapomfikia fundi.