Mtambue afisa wa Kichina kwa nguo kabla hujatafsiri cheo chake

Anayetia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, awe Arusha au Moshi, hukwama sana kwenye vyeo. Kamusi iache kwanza. Simamisha picha, mtazame mtu kifuani.

Kama wanaume wamenyoa utosi wa mbele na kusuka msuko mmoja mgongoni, hiyo ni enzi ya Qing (1644–1912). Kiraka cha mraba kilichotariziwa kifuani kikiwa na ndege, huyo ni afisa wa kiraia. Kikiwa na mnyama, kwa kawaida ni mwanajeshi. Madaraja ni 9, la 1 ndilo la juu, na kila moja lina ngazi mbili. Korongo ni la 1, tausi la 3, kware la 8. Jeshini simba ni la 2, na la 1 ni qilin, mnyama wa hadithi. (Twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415 alipokewa China kama qilin.)

Picha ikiwa hafifu ndege wote hufanana, basi panda kwenye kofia rasmi. Jiwe la kileleni likiwa rubi ni daraja la 1, marijani la 2, buluu angavu la 3, buluu isiyopitisha mwanga la 4, bilauri la 5, jeupe zito la 6. Kuanzia la 7 ni dhahabu. Unyoya wa tausi unaolala kisogoni ni nishani tu, hauhesabu daraja. Na mwanamke mwenye kiraka kwa kawaida ni mke wa afisa: amevaa daraja la mumewe.

Sasa neno. Zhixian, daraja la 7, wengi humwita "mkuu wa wilaya", na linakaa vizuri mpaka aketi barazani na kuamuru mtu achapwe. DC wetu hahukumu kesi. Zhixian alihukumu, tena akakusanya kodi. Onyesho la kwanza sema "mkuu wa wilaya na hakimu", kisha fupisha. Xunfu ni mkuu wa jimbo. "Mangi", cheo cha mtawala wa Wachaga, usiguse: umangi ulikuwa wa ukoo, zhixian kwa kawaida alipita kwenye mitihani na hakupangiwa jimbo la kwao. Isitoshe, mtazamaji wa Dar atamwona mwenye duka.

Mtego wa mwisho ni wizara mbili zinazosikika "Libu", tofauti ikiwa toni tu. Wanajadili uteuzi na uhamisho? Ni ya utumishi. Tambiko na mitihani? Ni ya ibada. Ndiyo, mitihani ilikuwa ya ibada, na hapo ndipo wengi huteleza.