Saa 3 ya nani?

Ukiunda mfumo wa kupangia vikao vya mshauri na kijana mmoja mmoja hapa Mombasa, kitufe kisiandike "saa 3" pekee. Andika "Jumanne saa 3 asubuhi, 9:00". Kijana wa Likoni husema saa tatu, simu yake yaonyesha 9:00. Hapo ndipo vikao hupotea.

Kenya ni UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya marejeo) mwaka mzima, lakini mshauri aliye London hubadilisha saa Machi na Oktoba. Hifadhi jina la ukanda wake wa saa, kama "Europe/London", si tofauti ya saa.

Kikao dakika 45, pumziko 15. Ijumaa funga saa 6:30 hadi saa 8:00 mchana (12:30 hadi 14:00 kwenye simu), watu wako msikitini.

Nafasi isichukuliwe mara mbili: zuio liwe kwenye hifadhidata yenyewe, maana wawili wakibonyeza pamoja, ukaguzi wa ukurasani huwapitisha wote.