Somo: Namna ya kumhoji mhasibu au mkaguzi kabla ya kumkabidhi vitabu

Kila mwombaji anajua kujibu swali la "Utafanya nini ukigundua wizi?" Atasema ataripoti, na hata yule aliyekwisha kuiba atasema vivyo hivyo. Ndiyo maana nawasihi nyinyi mnaokaa kwenye bodi za sacco na vyama vya ushirika, kuanzia Kisumu hadi Vihiga, Kakamega na Bungoma: muulizeni mtu alichokwisha kufanya, siyo anachokusudia kufanya. Fedha mnazozilinda ni za mkulima wa miwa na za mama wa soko la Kibuye anayeweka akiba kidogo kidogo. Zikipotea, wao ndio watakaolala njaa.

Hatua ya 1: Hakikisha karatasi kabla ya siku ya mahojiano

Kufaulu mtihani wa uhasibu wa CPA unaotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani, ni jambo moja, na kuwa mwanachama wa ICPAK, chama cha kitaaluma cha wahasibu wa Kenya, ni jingine. Wapo waliomaliza mitihani zamani na hawajawahi kujisajili. Kwa mhasibu wa ndani hilo laweza kuvumilika, kutegemea kazi yenyewe. Lakini mkaguzi wa nje anayetia sahihi hesabu zenu lazima awe na leseni ya kufanya kazi hiyo chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. Mambo haya yamalizeni mapema ili muda wa mahojiano usiliwe na vyeti.

Hatua ya 2: Andika maswali yanayoanza na "Nieleze mara ya mwisho..."

Matano yanatosha, na kila mwombaji aulizwe yale yale. Haya ndiyo ninayoyategemea.

*Nieleze mara ya mwisho daftari la fedha lilipokataa kukubaliana na taarifa ya benki. Ulianzia wapi?* Aliyefanya kazi hii kwa mikono yake atakutajia hundi ambazo hazijafika benki, ada ambazo benki ilikata bila yeye kuziingiza, au malipo ya paybill (ya kwa simu) yaliyoingia siku inayofuata. Wengine watakuambia waliangalia kwanza kama tofauti inagawanyika kwa 9, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba tarakimu zimebadilishana nafasi: 5,400 ikiandikwa 4,500, tofauti ni 900. Akisema tofauti aliiweka kwenye akaunti ya muda, yaani pa kuegesha kiasi ambacho hakijajulikana ni cha nini, muulize ilitoka humo lini na kwa maelezo gani.

*Nieleze mara ya mwisho mkubwa wako alipotaka ulipe pesa bila vocha (hati ya kuidhinisha malipo) wala stakabadhi.* Mkiwa na nafasi ya swali moja tu, ulizeni hili. Anayedai hajawahi kukutana nalo, ilhali amekaa ofisini miaka mingi, mpe muda, kisha mgeuzie: "Basi nieleze la stakabadhi zilizochelewa." Aliyekataa akasimama hapo hapo ana msimamo, na mwekeeni alama. Mimi humpa alama zaidi aliyekataa njia mbaya akaonyesha njia nzuri: alimwandikia mkubwa masurufu, yaani pesa za kutanguliziwa ambazo atazitolea hesabu baadaye, yakatiwa sahihi, ikawekwa tarehe ya kuleta hesabu. Kazi haikusimama na maandishi yakabaki. Aliyelipa kwa shinikizo, kisha kesho yake akaliandikia jambo hilo kwa bodi, msimtupe haraka. Sikilizeni kama maandishi hayo yalikuwepo kweli. Lakini anayecheka na kusema "ndivyo ofisi zilivyo" amekwisha kuwaonyesha atakavyowahudumia.

*Nieleze mwezi ambao makataa yalikubana.* PAYE, kodi ya mishahara, hulipwa kufikia tarehe 9 na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kufikia tarehe 20 za mwezi unaofuata, kwa hiyo hakuna mhasibu wa Kenya asiye na kisa. Unachotafuta ni alichokitanguliza, alichokiacha, na kama alimwambia mtu mapema.

Kwa mkaguzi wa ndani, ongeza: *Nieleze hoja ya ukaguzi ambayo idara iliipinga.* Mkaguzi ambaye hajawahi kubadilisha hoja hata alipoletewa ushahidi mpya anatia wasiwasi sawa na yule anayeifuta kila anaponuniwa. Kisha muulize kuhusu mara aliyohisi udanganyifu na kilichomwamsha. Katika sacco, mtindo wa zamani ni kuchukua marejesho ya mwanachama mmoja, kisha kuyafunika kwa pesa za mwingine, na wa tatu kumfunika wa pili. Mwenye mchezo huo haendi likizo, kwa maana akiondoka wiki mbili mnyororo unakatika. Mkaguzi aliyewahi kuuona atataja likizo bila kuulizwa.

Hatua ya 3: Chimba

Jibu la kwanza ni mlango tu. Hali ilikuwaje? Jukumu lako lilikuwa lipi? Ulichukua hatua gani wewe mwenyewe? Mwisho ukawaje? Watu wetu wamelelewa kutojisifu, kwa hiyo utasikia "tulifanya, tuligundua". Usimwadhibu kwa adabu yake. Mwambie kwa upole, "Sasa nitajie sehemu yako."

Kabla hamjaanza, mwambieni asitaje jina la mteja wala mwajiri anapoeleza kisa. Maadili ya uhasibu yanamtaka atunze siri hata baada ya kuondoka kazini. Akiendelea kuwamwagia siri za alikotoka, mpunguzieni alama, kwa sababu zenu nazo zitafuata njia hiyo.

Hatua ya 4: Andika alama kabla ya kuzungumza

Kila mwanajopo aandike yake, 1 hadi 5, pamoja na sentensi ya sababu. Mwenyekiti aseme mwisho, la sivyo wengine watamfuata.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tunaajiri kijana aliyetoka chuoni juzi. Hana "mara ya mwisho" ya kazini.* (Mwanachama, Mumias)

Anayo nyingine, ndugu yangu. Muulize kuhusu mafunzo ya kazini, hazina ya vijana kanisani, au kamati ya mazishi kijijini. Aliyeshika daftari la michango ya mazishi ameshika pesa za watu wenye uchungu na haraka, na wazee humjia wakitaka za usafiri bila kuandika. Muulize alizitoaje na hesabu ilisomwa wapi.

*Mpwa wa mwenyekiti wetu ameomba kazi. Je, tumkatae?* (Mwanachama, Nakuru)

Msimkatae kwa ukoo wake. Mwenyekiti ndiye atangaze uhusiano huo, atoke kwenye zoezi lote tangu kuchuja barua, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kutoka chumbani mpwa anapoingia tu hakutoshi.

*Tunaweza kumuuliza dada kama ana mimba? Mwisho wa mwaka huwa tunakesha.* (Mwanachama, Kisumu)

Hapana, mama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa ujauzito, kabila, dini, ulemavu na hali ya virusi vya UKIMWI, na mengine pia. Waulizeni wote, wanaume kwa wanawake: "Nieleze ulivyofunga hesabu za mwaka mara ya mwisho."

*Na wanaokariri visa kutoka mtandaoni?* (Mwanachama, Kakamega)

Kisa cha kuazima hakina pembeni. Uliza vocha ilihifadhiwa wapi, nani alitia sahihi ya pili, ilichukua siku ngapi. Mwenye kisa chake hukumbuka, au husema wazi kipande alichokisahau.

*Mwombaji mmoja anasema aligombana na bosi kwa kukataa kulipa, na bosi hataki kumwandikia barua ya sifa. Tumwamini vipi?* (Mwanachama, Vihiga)

Barua ya sifa mwajiri halazimiki kuiandika. Cheti cha huduma ni haki ya mfanyakazi chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira, nacho hutaja kazi na tarehe. Kiombeni hicho. Kisha, kwa ridhaa yake, zungumzeni na mtu mwingine aliyefanya naye kazi, kama mkaguzi wa nje au mweka hazina wa wakati huo, na mumuulize maswali yale yale mliyomuuliza mwombaji. Visa viwili vikilingana, mwajirini kwa majaribio; sheria inawapa hadi miezi 6.