Chupa ya soda ya zamani: ikaushe kwanza, bei baadaye

Niliwahi kununua chupa iliyong'aa vizuri mezani kwa muuzaji. Ilipokauka nyumbani ikatoka ukungu mweupe kama imesuuzwa kwa maziwa. Siku hizi kabla ya kutaja bei naifuta kwa kitambaa kikavu, nje na mdomoni, nasubiri dakika chache, kisha naiinamisha ili mwanga uipige kwa ubavu. Tazama hasa mabegani na karibu na kitako. Kioo kilichofukiwa miaka mingi huliwa na unyevu, uso wake ukabaki na vishimo vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Maji yakivijaza, ukungu unapotea machoni, na kasoro inayoshusha thamani sana inajificha.

Mbinu hii hushindwa chupa ikipakwa mafuta, maana hayo hayakauki upesi. Kidole kikiteleza, omba ioshwe kwa sabuni ya vyombo. Muuzaji akikataa, mimi huondoka. Pia mbinu hii hukosea upande wa pili: weupe wa ndani huenda ni chokaa ya maji tu, na siki ikikaa humo usiku mmoja huitoa. Mimina ndani tu. Usiloweke chupa nzima ikiwa ina maandishi ya rangi yaliyochomwa kwenye kioo, yale yaliyoenea tangu miaka ya 1930, kwani siki huweza kuyafifisha, na kwa chupa za aina hiyo rangi ndiyo bei yenyewe.