Kupima zebaki kwenye maji kwa doti za kaboni, bila kudanganywa na chuma

Doti za kaboni ni chembe ndogo mno za kaboni zinazowaka zikimulikwa, na zebaki huzima mwanga wao. Basi watu wengi wakiona mwanga umefifia tu washatangaza maji yana zebaki. Ngoja kwanza.

Hatua ya 1, sensa. Tunatumia doti za kaboni za asidi ya sitriki na ethilinidiamini, zinapikwa kwenye otoklevu (chombo kilichofungwa cha kupikia kwa shinikizo) nyuzi 200 kwa masaa 5 hivi. Ukizimulika kwa nanomita 360 zinawaka bluu, kilele karibu na 440. Zimua mpaka kwa macho zionekane kama maji tu, maana zikiwa nzito zinameza mwanga wao wenyewe na namba zote zinakuwa za uongo.

Hatua ya 2, sampuli. Chuja kwa mikromita 0.45, na kama hupimi siku hiyohiyo tia asidi ya naitriki kidogo, zebaki hupenda kung'ang'ania kwenye kuta za chupa. Siku ya kupima rudisha pH kwenye 7 kwa bafa, yaani mchanganyiko unaoishikilia pH isibadilike. Mi natumia bafa ya HEPES, sio ya fosfeti, maana ukija kupima risasi baadaye fosfeti itaigandisha itulie chini.

Hatua ya 3, mstari wa viwango. Pima blanki (doti na bafa bila zebaki) mara 10, upate mchepuko wake, yaani namba zinavyotofautiana. Halafu ongeza zebaki kidogokidogo, kila mara gawa mwanga wa blanki kwa mwanga uliobaki, chora grafu. Kiwango cha chini unachoweza kugundua ni mchepuko mara 3, gawa kwa mteremko. WHO wanasema mwisho mikrogramu 6 kwa lita, yaani kama nanomola 30 kwa lita, kwa hiyo kama kiwango chako cha kugundua ni nanomola 200 usimwambie mtu maji ni salama.

Hatua ya 4, hapa ndo kazi ilipo. Chuma cha feriki (Fe3+) nacho kinazima doti hizihizi, na maji mengi yana chuma. Tia sodiamu floridi kidogo kwenye blanki, viwango na sampuli pia, inakishika chuma. Mwanga ukipanda kwenye sampuli, ulikuwa unapima kutu. Ukibaki chini, ongeza EDTA, kemikali inayoshika metali: mwanga ukirudi ni metali kweli, usiporudi shuku tope au rangi ya maji yenyewe. Halafu gawa sampuli mafungu manne, ongeza zebaki unayoijua kwenye matatu, soma jibu kwenye mstari huo, sio ule wa maji safi. Likikaribia 6 peleka maabara yenye ICP-MS (mashine ya kupima metali kidogo sana) wathibitishe.

Mabaki yote kwenye chupa yenye lebo, sio kwenye sinki.