Kabla ya kuwafuata nyumbu Serengeti: mambo ya kuzingatia

Mtu akiniambia anataka kwenda kuona nyumbu wanavyohama, kabla hatujafika kwenye bei huwa namuuliza: unataka kuwaona wakizaa au wakivuka mto? Hayo ni mambo mawili, kila moja na miezi yake na upande wake wa hifadhi, na pande hizo mbili zimeachana kwa mwendo wa siku nzima ya gari. Wengi hupanga kwa kuanzia likizo. Wakishapewa ruhusa kazini, wanalipia malazi Seronera, katikati ya hifadhi, kwa kuwa ndilo jina wanalolijua, kisha wanafika Septemba na kukuta majani makavu. Simba wapo, chui wapo, lakini nyumbu wako Kogatende, kaskazini kando ya Mto Mara, au wameshaingia Kenya.

Msafara huu hauna tarehe, unafuata mvua. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia wapatao laki mbili na swala tomi wengi, huzunguka mwaka mzima kati ya Serengeti na Maasai Mara kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Desemba hadi Machi wako kusini, kwenye tambarare za Ndutu zinazopakana na Ngorongoro. Udongo wa huko ni majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zina madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Masika yakishika, Aprili na Mei, wanasogea kupitia Moru na Seronera kuelekea magharibi, na Juni utawakuta pande za Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba ni kaskazini, Mto Mara, ambako huvuka, wakarudi, wakavuka tena. Vuli ikianza Novemba wanageuza kurudi kusini. Mvua ikichelewa na wao huchelewa, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari mpigie simu dereva au mwenyeji aliyeko hifadhini umuulize makundi yako wapi leo.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mimi napendekeza Februari. Mtoni utasubiri, Ndutu hutasubiri. Ndama laki kadhaa huzaliwa ndani ya wiki chache, wengi wao asubuhi. Utaona ndama bado ana utelezi, miguu yake imetawanyika kama vijiti. Ananyanyuka, anaanguka, ananyanyuka tena, na baada ya dakika chache anakimbia ubavuni mwa mama yake. Inambidi, maana fisi wanazunguka palepale. Ukiwa na watoto garini waandae mapema, kwa sababu wataona ndama akikamatwa.

Ukichagua mto, tenga usiku usiopungua mitatu Kogatende. Mwaka niliokwenda kwa siku moja tu, kundi lilisimama ukingoni tangu saa nne asubuhi. Pundamilia wachache walishuka, wakainamisha vichwa kunywa. Mmoja akakoroma, na wote wakapanda mteremko mbio, vumbi likatufunika. Wakarudi wakafanya vilevile mara nne. Saa kumi gari moja likasogea hadi karibu kabisa na njia yao, nyumbu wakageuka na kutokomea vichakani. Walivuka kesho yake, nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Njia utakayopita inaathiri gharama kuliko watu wanavyodhani. Anayetoka Arusha hupita lango la Loduare na kulipia Ngorongoro, yeye na gari lake, hata kama anapita tu, kisha analipia Serengeti. Anayetoka Mwanza au Musoma huingia kwa lango la Ndabaka bila kugusa Ngorongoro. Kibali cha Serengeti huhesabiwa saa 24 tangu unapoingia, kwa hiyo ukiingia saa nane mchana, panga kutoka kabla ya saa nane ya kesho yake, la sivyo utalipia siku nyingine. Langoni hawapokei fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo (control number) ulipie kwa benki, kadi au simu, na kwa kuwa mtandao husumbua, ni heri ukamilishe malipo ukiwa bado mjini. Usisahau kitambulisho cha taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni, lakini lazima uthibitishe uraia wako.

Jambo jingine ni mpaka. Kwenye ramani Serengeti na Maasai Mara zimeshikana, ila mtalii haruhusiwi kuvuka kutoka hifadhi moja kwenda nyingine. Anayetaka kuona pande zote mbili huzunguka kupitia Sirari na Isebania, na siku nzima huishia barabarani. Awe na pasipoti au hati ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Gari liwe la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne, na matairi mawili ya akiba. Rasta za barabara ya Naabi hulegeza kila nati, na masika udongo mweusi hunasa hata gari zuri. Mafuta yanapatikana Seronera, lakini ingia tangi likiwa limejaa. Ukienda kwa ndege ndogo, beba begi laini, kwani kikomo cha mzigo kwa kawaida ni kilo 15.

Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, zinaita mbung'o, na mbung'o huuma hata juu ya shati. Beba sweta nzito hata kama mchana ni jua kali, maana ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ni baridi ya kutetemesha. Kinga ya malaria zungumza na daktari mapema. Darubini ni muhimu kuliko kamera, hilo nalisema bila kusita. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na droni hairushwi hifadhini bila kibali.

Wanaobana matumizi wana kambi za umma za Seronera, kama Pimbi na Nyani, ambako unapiga hema lako mwenyewe. Hazina uzio. Chakula kisilale hemani, na ukisikia haja usiku, kwanza mulika tochi huku na huku utafute macho yanayong'aa.

Halafu kuna mwenendo wetu pale mtoni. Julai 2025 zilisambaa picha za watalii walioshuka magarini na kusimama ukingoni, nyumbu wakakosa pa kupita. Usishuke. Dereva akae mbali, azime injini, na asisogee mpaka nyumbu wa mbele wawe wameshaingia majini na mstari nyuma yao umeshikana. Madereva wengi wanalijua hili vizuri, wanalivunja kwa sababu abiria nyuma anapiga kelele kwamba amelipa. Kwa hiyo, kabla hamjaondoka asubuhi, mwambie dereva wako kwamba hutamdai akuonyeshe nyumbu wakivuka.