Ada ya bima ya afya ilipwe msimu wa tumbaku

Mkulima wa Urambo, mkoani Tabora, hana mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo ada ya bima itengwe siku fedha za tumbaku zinapoingia. Tuseme ada ni 150,000 kwa kaya: kikundi cha kuweka na kukopa chenye kaya 20 kinatenga 3,000,000 kwenye mfuko wa peke yake, mbali na hisa. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mifuko mingi huvunjika kwa kukopeshana "wiki mbili tu". Mtoto mchanga naye aandikishwe mapema, asije akadaiwa kwenye dirisha la hospitali.

Kwenye kikao cha kikundi pimeni presha: ikifika 140/90 siku mbili tofauti, zahanati. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku. Samaki wa chumvi waloweke kwanza, maji umwage.